Ngagi Hakatai

Watu wa mtaa wa Ndosho wanasema Ngagi ndiye aliyemudanganya yule mutoto. Waache waseme. Ngagi hana mudomo wa kusema, mudomo wake ni wavu mweusi ulioshonwa kwenye kichwa cha sponji. Mwenye mudomo ni mimi, Domitille, mutoto wa Bukavu, na mama yangu alinionya tangu ningali mudogo kwamba huu mudomo siku moja utaniweka mahali pabaya. Bon, umeniweka. Keti nikuelezee, na usinikatize, kwa sababu nikikatizwa sitaweza kumaliza.

Ninafanya kazi kwenye bustani moja ya watoto hapa Goma, kando ya ziwa. Kuna bembea, kuna nyumba ya plastiki ya kuruka inayojazwa upepo, kuna gari-moshi dogo linalozunguka mara tatu halafu linaharibika. Lakini watoto hawaji kwa ajili ya hivyo. Wanakuja kumuona Ngagi, yule nyani mukubwa mweusi wa pori la Virunga. Si wa kweli, ni mutu aliyevaa manyoya. Mimi ndiye ninayewashika watoto mukono na kuwapeleka mbele yake, mumoja mumoja, wamusalimie, wapige foto, waende zao.

Utasema ni kazi ya bure. Ata! Hebu jaribu. Mutoto anaingia mulangoni akikimbia, anaimba jina la Ngagi, amemusumbua mama yake wiki nzima. Akibakiza hatua tano, miguu inakufa. Hapo ukimusukuma umekwisha, atalia hadi wavuvi wa Kituku wakusikie. Mimi ninachuchumaa, ninamunong'oneza: "Muangalie, anakuogopa. Huyu Ngagi ni muoga sana. Mupe mukono taratibu asije akakimbia." Mutoto anamuonea huruma. Mutoto akishamuonea kitu huruma, hakiogopi tena. Hakuna aliyenifundisha hiyo, niliijua mwenyewe.

Ndani ya yale manyoya yuko Zéphirin, mutu wa milima ya Masisi, mufugaji wa ngombe zamani, murefu, mupole, mutu wa maneno kumi kwa siku. Anaona kidogo tu kupitia ule wavu wa mudomo, kwa hiyo ninamuongoza kwa mukono. Nikiminya mara moja, mutoto yuko mbele. Mara mbili, inama. Mara tatu, mukumbatie, foto inapigwa. Na mutoto akiwa muzito wa kucheka, Zéphirin anatikisa mabega, na mustari wote unapiga makofi: "Ngagi anacheza! Ngagi anacheza!" Huo ndio muchezo wake, hajui mwingine.

Patro wetu, mwenye bustani, Henri, ameandika sheria kwenye kipande cha katoni na kukibandika nyuma ya kibanda tunamobadilishia. Ngagi hasemi. Ngagi havui kichwa mbele ya mutoto. Ngagi hakatai. Hiyo ya tatu ilikuja kwa sababu ya kijana mumoja aliyevaa manyoya kabla ya Zéphirin. Mutoto wa mukubwa fulani alimuuliza kama anamupenda, yeye akatikisa kichwa kwa utani, na mutoto akalia sikukuu yake yote. Tangu siku ile, mutoto akiuliza chochote, Ngagi anaitika kwa kichwa. Unakula ndizi? Anaitika. Unanijua jina? Anaitika. Na mimi ninatafsiri: anasema anakujua, anasema umekuwa mukubwa, anasema usome vizuri.

Sasa sikia. Ilikuwa mwezi wa saba, masomo yamefungwa, na shule moja ya Ndosho ilituletea watoto mia na zaidi kwa siku moja. Mia, na Ngagi mumoja! Jua lilikuwa kali, mustari ulifika hadi kwenye bembea, tumbo langu lilikuwa tupu tangu asubuhi na nilikuwa na hasira na dunia nzima. Karibu na mwisho wa mustari akaja musichana mumoja wa miaka saba, nywele zimesukwa kwa kukaza, viatu vya mutu mwingine miguuni. Anaitwa Alliance.

Huyu hakusimama kwenye hatua tano. Alikuja moja kwa moja akamushika Ngagi vidole viwili, akaniacha mimi nimechuchumaa bure na maneno yangu.

"Weye unatoka pori?" akamuuliza.

Ngagi akaitika.

"Pori ya kwenda Rutshuru?"

Akaitika.

"Basi unamujua mama yangu. Anaitwa Émérance. Aliendaka kuvuna maharagi kwa babu, kabla ya mabomu ya mwezi wa kwanza, na njia ikafungwa. Iko na kitenge ya bluu, ya samaki. Ulimuona?"

Ngagi akaitika.

Hapo ndipo ningefunga domo. Ningeweza kusema Ngagi ameona watu wengi, hawajui majina, njoo tupige foto. Njia zilikuwepo. Lakini nyuma yake kulikuwa na watoto kumi na tano wanasukumana, na yeye ameinua uso ananingojea mimi, kwa sababu ameona mwenyewe kwamba Ngagi anasema kwa kichwa na mimi ninamalizia. Nikamalizia.

"Anasema amemuona," nikasema. "Anasema mama anakusalimia sana. Maharagi ni mengi mwaka huu, akimaliza atakuja."

"Atakuja lini?"

"Karibu."

"Karibu lini?"

"Karibu, mama, sogea mwenzako apite."

Akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, meno mawili ya mbele hayapo. Mwalimu wake aliyekuwa anapanga mustari akashika mudomo. Aliniambia, "Madamu, huyu mutoto hajacheka tangu mwezi wa kwanza." Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama nimefanya kitu. Siku ile nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akarudi na mama yake mudogo, Pascasie, ndugu wa Émérance wa tumbo moja. Pascasie ni muchuuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, anazitoa Kituku asubuhi na kuzitembeza Ndosho katika beseni. Alinishika mikono yote miwili. Mutoto anakula, akaniambia. Anakula ugali wote, anaoga bila fimbo, anacheza na wenzake. "Sijui mulimwambia nini na yule nyani wenu, dada, lakini Mungu awabariki." Akanipa sambaza zilizofungwa katika gazeti.

Je, nilimwambia kweli? Sikumwambia. Nilizipokea zile sambaza, nikazikaanga, nikazila.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Alliance anapanga mustari, anafika, anauliza. Bado yuko kwa babu? Ngagi anaitika. Amevaa kitenge chake? Anaitika. Na mimi ninaongeza chumvi. Anasema alimuona juzi, amevaa kile cha bluu cha samaki, amebeba kikapu kichwani. Anasema njia inataka kufunguka. Anasema usikatwe nywele, mama atakuja kukusuka mwenyewe. Hiyo ya nywele, sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu, kwa kuwa nilimuona anapenda, na mutu akishaanza kuongeza chumvi mukono haujui kusimama.

Njia ya mwongo ni fupi. Nilikuwa ninawaambia watoto wangu wenyewe hivyo, na kuwachapa.

Mwezi wa kumi na moja Pascasie akaja peke yake, siku ya kazi, bila beseni. Nilikuwa ninafagia. Nilimuangalia usoni nikajua, kwa sababu sisi watu wa hapa huo uso tunaujua. Ndugu yao mumoja, mujomba wa Alliance, alikuwa amefika kutoka Rutshuru. Amekuja na mufuko. Ndani yake kitenge cha bluu cha samaki, kimefuliwa na kukunjwa, na rozari. Émérance alikufa kwa homa ya siku tatu. Dawa hakukuwa, njia hakukuwa, telefoni hakukuwa. Walimuzika nyuma ya nyumba ya baba yake.

"Lini?" nikauliza.

"Mwezi wa pili."

Nikahesabu kwa vidole nikiwa nimeshika ufagio. Wa pili, wa tatu, wa nne. Mwezi wa saba, nilipomwambia mutoto kwamba mama anakusalimia, Émérance alikuwa udongoni miezi mitano. Nikakaa chini kwenye mawe.

"Sikukuja unisikitikie," Pascasie akasema. "Kilio tumekaa siku tatu. Tunataka kukimaliza, na kwetu kilio hakimalizwi kama mutoto wa marehemu hajanyolewa. Alliance anakataa wembe. Anasema mama akikuja amukute kipara, hatamujua. Tukamuonyesha kitenge. Unajua alisema nini? Si cha mama. Cha mama Ngagi alikiona juzi, amekivaa."

Nikaanza kuinuka kwenye mawe.

"Nisikie mpaka mwisho, Domitille. Kila muchana anatoroka anaenda kwenye stendi ya magari ya Rutshuru, anaangalia uso wa kila mwanamuke anayeshuka. Juzi aliingia katika gari, akajificha chini ya kiti katikati ya mifuko. Dereva alimuona wamekwisha kufika Kibumba, akamurudisha. Dereva wa pili hatamuona. Au atamuona na hatamurudisha. Nimezika dada bila kumuona. Huyu nisimuzike." Akanyoosha kidole kwenye uso wangu. "Weye ndiye ulimwambia. Weye ndiye utakuja kumutolea hilo neno kichwani."

Nilivua aproni, nikaenda naye saa ile ile.

Nyumba yao ya mbao imekaa juu ya mawe meusi ya volkano, kama nyumba zote za kule. Wanawake walikuwa kwenye mikeka. Mujomba alikuwa ameweka beseni la maji tayari, na wembe mupya ungali katika karatasi yake. Alliance alikuwa nje, amekaa juu ya jiwe anakoweza kuona njia, kitambaa amekifunga kichwani kwa mafundo matatu ili asikifungue mutu.

Nikachuchumaa mbele yake. "Alliance. Nimekuja kukwambia kitu. Nilisema bongo, uongo mutupu. Ngagi hakumuona mama. Mimi nilisema tu."

Aliniangalia bila hasira hata kidogo.

"Weye ni wa kusema yenye Ngagi anasema," akaniambia. "Ngagi hayuko hapa."

"Ngagi hasemi kitu, mutoto wangu."

"Anasema kwa kichwa. Nilimuona na macho yangu." Akarudisha uso kwenye njia. "Kama mama hatakuja, yeye aseme."

Nilimubembeleza, nilimukaripia, nililia mbele yake. Kama kumwagia bata maji. Mimi niliyemufundisha kwamba neno ni la Ngagi, ningemufundishaje siku moja kwamba neno ni langu? Nikamwambia Pascasie amulete Jumamosi.

Kesho yake nikamungoja Zéphirin nyuma ya kibanda. Alikuwa amevua kichwa, amekaa kwenye ndoo, anajimwagia maji shingoni. Nikamwambia yote. Nikamwambia Jumamosi akiuliza, wewe tikisa kichwa. Kataa. Basi, ni hilo tu.

"Sitafanya," akasema.

"Juu ya nini? Unamuogopa Henri? Kwa ile katoni yake?" Hasira ilinipanda, nilitaka kumupiga na ufagio. "Mutoto atapotea njiani, Zéphirin! Na weye ndiye uliyeitika! Kama ungekuwa na masikio ndani ya ule mufuko wa manyoya, siku ile usingeitika!"

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Yote. Siku ile nilisikia vizuri." Akaangalia mikono yake. "Aliuliza kama nimemuona mama yake. Bibi yangu Marie-Claire na watoto wangu wawili nimewaacha juu kule Masisi, sasa ni mwaka na nusu. Sijui kama wako hai. Kila mutu ninayemuuliza anatikisa kichwa, anasema hajui. Wote wanatikisa kichwa. Nikasema moyoni, acha leo mutu mumoja aitike. Sikumuitikia yeye, Domitille. Nilijiitikia mwenyewe."

Siri ya mutungi aijuaye kata. Nimemushika huyu mutu mukono kila siku, ninajua jasho lake, ninajua anapochoka kabla yeye hajajua, na sikuwahi kumuuliza kama ana bibi. Nilikaa karibu naye kwenye mawe. Halafu nikamwambia polepole kwamba Jumamosi nitamuvuta kidole gumba. Kuvuta gumba ni kukataa. Hatukuwa na alama ya hiyo, kwa sababu hatukuwahi kuihitaji.

"Sawa," akasema.

Jumamosi ilikuja na mawingu, na watu wengi kuliko nilivyotaka. Pascasie alimuleta amevaa gauni la misa, kitambaa kichwani na mafundo yake. Nilitaka kumupitisha mbele, tumalize. Akakataa. Akasema wengine walitangulia. Akapanga mustari wake, mbele yake watoto tisa, na mimi nikawapeleka wote tisa, mumoja mumoja, "muangalie, anakuogopa," kuminya mara moja, mara mbili, mara tatu, foto.

Zamu yake ikafika. Nikaminya mara moja. Mutoto yuko mbele.

Alliance alimushika vidole viwili, kama siku ya kwanza.

"Ngagi," akasema, "huyu mama anasema mama yangu hatakuja. Mama mudogo pia, na mujomba pia. Nikawaambia nitakuuliza weye. Atakuja?"

Nikavuta gumba.

Hakuna kitu. Kile kichwa kikubwa kikabaki pale pale. Nikavuta tena, nikalivuta kwa nguvu kama kuling'oa. Nikasema kimoyomoyo, Zéphirin, kwa jina la Mungu, Zéphirin. Kichwa kikaenda kushoto taratibu. Kikarudi kulia. Mara moja tu.

Nilimuona Pascasie kule kwenye bembea ameshika uso.

Alliance hakushituka. Aligeuka akaniangalia mimi, kama Jumapili zote, ananingojea nimalizie.

"Anasema nini?"

Unaona sasa? Nilifikiri nimempa Zéphirin mzigo wangu abebe. Kumbe mzigo ulikuwa wangu tu. Uongo nilikuwa nimeusema kwa mudomo huu mbio mbio, bila hata kumeza mate. Kweli ilikataa kutoka.

"Anasema mama alikufa," nikasema. "Alikufa mwezi wa pili, kwa babu, kwa homa. Anasema hakumuona njiani. Anasema hatakuja."

"Muulize tena."

"Alliance..."

"Muulize tena."

Nikamugeukia Ngagi, nikauliza kwa sauti, mbele ya mustari wote: "Ngagi, mama ya Alliance atakuja?" Na kile kichwa kikaenda kushoto, kikarudi kulia.

"Muulize tena."

Nikauliza tena. Mara ya tatu kichwa hakikwenda popote. Mabega ndiyo yalianza. Yalitikisika kidogo, halafu sana, halafu mwili wote, na mukono wake ukaniminya mimi, minya, minya, bila hesabu. Mutoto mumoja nyuma kwenye mustari akaruka juu. "Ngagi anacheza!" Na wote wakashika, wadogo kwa wakubwa, na wazazi wao, na yule mupiga foto wetu: "Ngagi anacheza! Ngagi anacheza!" Makofi yakajaa bustani yote. Nilitaka kuwafokea wanyamaze. Nilitaka ardhi ipasuke.

Alliance peke yake hakupiga makofi. Alisogea hadi tumboni kwa Ngagi, akasimama kwenye ncha za vidole, akaweka uso wake kwenye ule wavu wa mudomo. Akaangalia ndani. Akaangalia sana.

"Humu muko mutu," akasema.

"Ndiyo," nikamujibu.

"Ni baba mumoja. Analia."

"Ndiyo."

"Analilia mama yangu?"

"Anamulilia. Na analilia watu wake pia. Bibi yake na watoto wawili. Walibaki Masisi."

"Walikufa?"

Ningemudanganya tena? Hapana. Siku ile nilikuwa nimechoka na uongo hadi mifupani.

"Hajui. Hakuna anayejua. Anawangojea tu."

Alliance akashuka kwenye visigino. Akaweka mukono kwenye manyoya, pale kifuani, akawa anayalaza polepole kuelekea chini, kama mutu anayemulaza mutoto. Makofi yalikuwa yangali yanapigwa nyuma yetu. Uso wake haukuwa wa miaka saba. Sikuona hata chozi moja, na ningependa sana nilione.

"Mwambie watakuja," akasema.

"Nini?"

"Mwambie watakuja karibu." Akainua macho yake kwangu. "Mwambie vile uliniambia mimi."

Sikujua kama ananionea huruma au ananihukumu, na hadi leo sijui, na nimelilia hilo neno kuliko vilio vyote nilivyokaa. Akangoja. Alikuwa amekwisha kujua jinsi kazi yetu inavyokwenda, kwamba neno haliendi kama mimi sijalipeleka.

Nikamugeukia Zéphirin. Nikaweka mudomo karibu na wavu.

"Anasema watakuja," nikamwambia. "Anasema karibu."

Na Ngagi, mabega yangali yanatikisika, akaitika kwa kichwa. Mara moja, mara mbili, mara tatu, kama sheria inavyotaka.

Alliance akamuachilia vidole. Akatembea hadi kwenye bembea alipokuwa Pascasie, akainamisha shingo, akaanza kufungua mafundo ya kitambaa, la kwanza, la pili, la tatu.

"Twende," nilimusikia akisema. "Wakaninyoe."